Kuchagua filta ya petroli kwa injini ya rotari katika ndege unayoijenga mwenyewe

Mjenzi wa Kisongo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka Arusha.

Katika uzi wetu wa radieta baadhi ya wachangiaji waliuliza ni filta ya maikroni ngapi (maikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita) inayofaa kwa 13B, na kila aliyejibu akaja na namba yake: huyu 10, yule 40, mwingine 100. Kwa maoni yangu swali lenyewe limekaa upande. Namba hizo zote zinaweza kuwa sahihi ndani ya ndege moja, kwa kuwa kila moja ina mahali pake kwenye njia ya mafuta, na ukizibadilisha mahali ndipo unapojitengenezea matatizo. Nimefungua uzi huu ili jambo hili tulijadili peke yake.

Kwa wageni wa injini hii, 13B ni injini ya Mazda yenye rota mbili (vipande vya pembetatu vinavyozunguka badala ya pistoni), kila rota ikiwa na sentimita za ujazo 654, na wengi wetu tunaifahamu kupitia magari ya RX-7. Wajenzi wa ndege, hasa Marekani, wameifunga kwenye ndege za kujijengea kama RV, Long-EZ na Cozy, wengi wao wakitumia injekta za kielektroniki badala ya kabureta. Katika mfumo huo mafuta hutoka tankini, hupita kwenye valvu ya kuchagua tanki, huingia kwenye pampu ya umeme, husukumwa kwa presha ya bari 2.5 hadi 3 hadi kwenye reli ya injekta (bomba linalozigawia injekta mafuta), na yale yasiyotumika hupita kwenye regulata, yaani kidhibiti cha presha, na kurudi tankini. Mafuta hayo yanazunguka muda wote, hata injini ikiwa inanguruma taratibu tu kwenye maegesho.

Mzunguko huo ndio jambo la kwanza ambalo wengi hulisahau wanaponunua filta. 13B isiyo na tabo (turbo), inapotoa nguvu za farasi 160 hivi wakati wa kupaa, hunywa takribani lita 50 hadi 55 kwa saa, na ni kweli kwamba injini ya rotari hunywa zaidi kidogo kuliko injini ya pistoni yenye nguvu ileile. Lakini filta haipitishi lita 55. Pampu zinazopendwa na wajenzi wengi zimeandikwa lita 190 au 255 kwa saa, na karibu zote hizo zinapita kwenye filta, iwe unapaa au umesimama ukisubiri ruhusa ya mnara. Kwa hiyo filta ya mfumo wa injekta inakutana na mafuta mengi mara kadhaa kuliko yanayochomwa, na ile iliyochaguliwa kwa kuangalia unywaji wa injini peke yake itakuwa ndogo tangu siku inapofungwa.

Jambo la pili ni tofauti kati ya upande wa kuvuta na upande wa kusukuma. Baada ya pampu una bari tatu za kuchezea, na filta ikipunguza kidogo, pampu inaongeza bidii. Kabla ya pampu huna kitu isipokuwa uzito wa hewa iliyo juu ya tanki, na sisi tunaoishi huku juu hewa hiyo tunapewa kwa kipimo. Usawa wa bahari ni kPa 101 (kilopaskali; bari moja ni kPa 100). Uwanja wa Arusha, ulio mita 1,387 hivi, katika hali ya kawaida una takribani kPa 86. Moshi wako kwenye 91. Ukielekea magharibi kuvuka nyanda za Ngorongoro ukiwa mita 3,000, umebakiwa na 70. Sasa tuseme filta yako ya kabla ya pampu inapoteza kPa 10 kwa sababu imeanza kuziba, na petroli imepata joto la nyuzi 50 kwa kuzunguka karibu na injini. Petroli yenye presha ya mvuke (presha ambayo chini yake huchemka) ya kPa 60 kwenye nyuzi 37.8 huwa imeshavuka 80 ikifika nyuzi 50, maana yake itachemka ndani ya bomba kabla haijaifikia pampu, na pampu ya kusukuma petroli haijui kusukuma mvuke. Avgas 100LL, petroli ya ndege, ina nafuu, kwa kuwa presha yake ya mvuke imewekewa mipaka ya kPa 38 hadi 49 kwenye joto hilo la kipimo, lakini wengi wetu tunaipenda rotari kwa sababu inakubali petroli ya sheli bila manung'uniko.

Kwa sababu hiyo mimi nashikilia kwamba upande wa kuvuta uwekwe chujio la wavu wa chuma cha pua peke yake, la maikroni 100 hivi, ambalo kazi yake ni kuilinda pampu dhidi ya vipande vinavyoonekana kwa macho. Filta laini ya maikroni 10 inayolinda injekta ikae baada ya pampu.

La tatu linaihusu rotari yenyewe. Mchanganyiko ukipungukiwa mafuta injini ikiwa kwenye nguvu kamili, uchomaji hugeuka kuwa mpasuko wa ghafla, na kitu cha kwanza kuvunjika huwa ni sili za ncha za rota. Kwenye injini yenye tabo huhitaji muda mrefu kufika huko. Tena 13B ina rota mbili tu, na kila rota ina injekta ya msingi na injekta ya nyongeza. Injekta moja ya msingi ikizibwa, rota nzima inadhoofika, na hiyo ni nusu ya injini. Pistoni sita zingekuachia sehemu kubwa zaidi ya nguvu.

Nilisoma mijadala mingi kabla ya kufikia msimamo wangu, na kinachojitokeza ni kwamba mara nyingi injini hunyamaza kwa sababu filta ilifanya kazi yake vizuri mno mpaka ikajaa. Ndiyo maana nachagua kwanza ukubwa wa eneo la kuchujia, kisha mahali, na maikroni mwishoni. Karibuni.

---

Fundi wa Pasua

Mkuu, shukrani kwa ufafanuzi. Niko Moshi, na injini yangu ni ya RX-8, si ya RX-7. Nilikuwa nimeshapanga kufunga filta ya plastiki inayoonyesha ndani, ya maikroni 10, kati ya tanki na pampu, kwa hoja kwamba nitauona uchafu kabla haujafika mbali, nami naweza kuukagua kila asubuhi bila kufungua chochote. Je, hoja hiyo haina uzito? Pia, je, filta ya asili ya RX-8 haiwezi kutumika? Na mwisho, ukisema "eneo la kuchujia", mtu wa kawaida anayesimama mbele ya kaunta ya duka la spea atalipimaje?

---

Mjenzi wa Kisongo

Ndugu yangu wa Pasua, hoja ya kuona uchafu ni nzuri, ila ile plastiki siyo mahali pake. Filta hizo zimetengenezwa kwa magari na mashine zenye kabureta, zenye presha ndogo sana, na ni ndogo kiasi kwamba kwa mtiririko wa pampu ya injekta zitakuwa kizuizi hata zikiwa mpya. Joto likiizeesha plastiki, inapasuka kwenye shingo. Ukiiweka kabla ya pampu, ufa mdogo hautakuonyesha tone la petroli. Pampu itavuta hewa kupitia hapo, nawe utahangaika na injini inayokohoa huku kila kitu kikionekana kikavu. Za kioo ni mbaya zaidi, kwa sababu siku zikivunjika karibu na injini ya rotari, ambayo moshi wake ni wa moto kuliko wa injini nyingi tulizozizoea, hutapata muda wa kujadiliana.

Kama unataka kuona, weka kikombe cha kukusanya maji na uchafu mahali pa chini kabisa pa mfumo, chenye kizibo cha kumwagia, na ukimwagie kwenye chupa safi kabla ya safari ya kwanza ya siku na baada ya kujaza. Chupa itakuambia habari za maji, ambazo ile filta ya plastiki ingekuficha.

Filta ya RX-8 imejengwa pamoja na pampu ndani ya tanki la gari, kwa hiyo huwezi kuing'oa ukaitumia peke yake. Ile ya RX-7, ya kopo la chuma, inakaa nje na baada ya pampu, na hiyo inafaa.

Kuhusu eneo: shika filta mbili mkononi, na ile yenye kopo refu na pana zaidi kwa kawaida ndiyo yenye mikunjo mingi zaidi ndani. Kuhusu kwa nini ni muhimu, fikiria kwamba eneo likiongezeka mara kumi, mafuta yaleyale yanapita kila sehemu kwa kasi ya moja ya kumi, upotevu wa presha unashuka kwa kiwango kinachokaribia hicho, na uchafu wa kuijaza filta lazima uwe mara kumi. Filta kubwa ya maikroni 10 inaweza kupitisha kwa urahisi kuliko filta ndogo ya maikroni 40. Kwenye ndege tunaogopa uzito, lakini gramu mia mbili za kopo kubwa zaidi ni uzito ambao nitaubeba bila kulalamika.

---

Binti wa Gereji

Salaam wote. Nafanya kazi za mifumo ya petroli kwenye gereji hapa Unga Limited, Arusha, na sijawahi kufunga injini ya ndege, kwa hiyo nitabaki kwenye kile ninachokishika kila siku.

Namba ya maikroni iliyoandikwa kwenye boksi haina maana mpaka ujue imepimwaje. Kuna filta zinazotaja kiwango cha kawaida, yaani zinakamata sehemu fulani tu ya chembe za ukubwa huo na kuziachia zilizobaki, na kuna zinazotaja kiwango kamili, ambapo karibu hakuna chembe ya ukubwa huo inayopita. Maikroni 10 ya aina ya kwanza inaweza kupitisha chembe ambazo maikroni 25 ya aina ya pili ingezizuia. Boksi lisilosema ni kipimo kipi, mimi nalihesabu kuwa ni la kipimo cha kawaida.

Halafu kuna kitambaa cha ndani. Karatasi inachuja vizuri na bei yake ni nzuri, lakini ikikutana na maji inavimba, matundu yanajifunga, na mtiririko unapungua hata kama hakuna uchafu wowote. Msimu wa masika tunapokea magari yaliyozimika njiani, unabadilisha filta, gari linawaka. Ukiikata ile ya zamani unakuta karatasi imelegea lakini ni nyeupe. Nyuzi za kioo hazinywi maji, nazo hushika uchafu mwingi zaidi kwa eneo lilelile, ila hazisafishiki, zikijaa ni kutupa. Wavu wa chuma cha pua unauosha kwa petroli safi na hewa ya kompresa, ukipuliza kutoka upande wa ndani kwenda nje, na unautumia tena kwa miaka. Kwa hiyo mgawanyo wa mwanzisha uzi unakubaliana na vitambaa vyenyewe: wavu kabla ya pampu, nyuzi za kioo baada yake.

Msisahau kwamba kila injekta ina kikapu chake kidogo cha wavu mdomoni. Hicho nacho ni filta, na ndicho cha mwisho. Mkinunua injini iliyotumika kutoka Japani, injekta zipelekwe kwenye mashine ya kupimia, vikapu vibadilishwe, na mtiririko wa kila injekta ulinganishwe na mwenzake. Nimeshaona mtu akibadilisha filta kila mwezi wakati uchafu wa zamani umelala kwenye vikapu.

Na la mwisho, filta feki. Maduka yetu yanazo, boksi linafanana kabisa. Ninunuapo za aina moja hukata moja kwa ajili ya ukaguzi tu. Ikateni kwa kikata bomba cha gurudumu, kamwe msitumie msumeno, kwa sababu vumbi la chuma la msumeno litawadanganya kwamba limetoka kwenye tanki. Ninachotazama ni kama gundi ya mikunjo imeshika pande zote mbili, maana kwenye feki nyingi mafuta yanapita pembeni bila kuchujwa.

---

Mzee wa Hanga

Nimewasoma vijana wangu, na nimefurahi kwamba mnaongea kwa hoja. Nitaongeza mambo ya kizamani.

Kanuni za Marekani za ndege ndogo zilizothibitishwa, ile Sehemu ya 23 kabla haijaandikwa upya mwaka 2017, hazimfungi mjenzi wa nyumbani, lakini namba zake ni dira nzuri. Kwa injini za pistoni zilitaka mdomo wa tanki uwe na wavu wa matundu 8 hadi 16 kwa kila inchi, wenye eneo la angalau mara tano ya tundu la bomba linalotoka. Huo ni wavu mpana sana, unaozuia nyasi, mdudu, au kipande cha gundi ya tanki, na haukusudiwi kuzuia vumbi. Kisha zilitaka mfumo wa pampu uweze kupitisha asilimia 125 ya mafuta yanayohitajika kwenye nguvu ya kupaa, na mfumo wa mteremko, ambao mafuta hushuka yenyewe bila pampu, asilimia 150. Kwa 13B yenu ya lita 55, asilimia 125 ni karibu lita 69 kwa saa, zipimwe kwenye reli na kwenye presha ya kazi, ndege ikiwa imeinuliwa pua kama inavyopanda, na tanki likiwa na mafuta ya chini kabisa mnayokusudia kurukia.

Filta ni mlango wa mwisho. Mlango wa kwanza ni funeli. Miaka ya kujaza ndege kutoka kwenye mapipa huko porini, pipa tulililaza mapema, tukaliinamisha, tukaliacha litulie, na bomba la kuvutia halikugusa chini ya pipa hata siku moja, kwa kuwa huko ndiko maji na kutu vinakaa. Nanyi mnaobeba petroli ya sheli kwenye madumu, fanyeni vivyo hivyo. Vinasaba vinavyowekwa kwenye mafuta nchini tangu mwaka 2010 vinasaidia kumkamata anayechanganya mafuta ya taa, lakini havisemi lolote kuhusu dumu lako ulilolisahau nje usiku wa Julai likiwa nusu, likatoa jasho kwa ndani. Pia unganisheni ndege, funeli na chombo cha chuma kwa waya kabla ya kumimina. Dumu la plastiki hujikusanyia umeme tuli ambao waya hauuondoi, na vumbi kavu la Kisongo halisaidii.

Tanki nalo ni chanzo cha uchafu. Matanki ya faibaglasi yana unga wa msasa uliojificha kwenye pembe, na ya alumini yana vipande vya gundi. Rangi ile ya kuzungusha ndani ya tanki ili kuziba uvujaji imewasumbua wajenzi wengi, kwa sababu baada ya miaka inabanduka kama maganda na kwenda kulala juu ya wavu. Suuza tanki mpaka petroli itoke kama ilivyoingia, ndipo ufikirie filta.

---

Mjenzi wa Kisongo

Shikamoo mzee wangu, na asante. Nakubaliana nawe kuhusu kipimo, na ningependa kueleza jinsi tunavyokifanya, kwa sababu mfumo wa injekta una udanganyifu wake.

Tunafungua bomba la kurudisha mafuta baada ya regulata, tunalielekeza kwenye dumu la lita 20, tunawasha pampu injini ikiwa imezimwa, na kuangalia saa. Lita 69 kwa saa zingejaza dumu hilo kwa dakika 17 na sekunde chache, na huo ndio mpaka wa chini kabisa. Mfumo mzuri unalijaza kwa dakika tano au sita. Kipimo kifanyike kwa volti za betri peke yake, siyo chaja ikiwa imeunganishwa, kwa kuwa pampu ya umeme hupungua nguvu volti zinaposhuka, na siku alteneta itakapokufa angani hizo ndizo volti utakazokuwa nazo.

Sasa udanganyifu wenyewe. Wengi hufunga geji ya presha kwenye reli na kuamini kwamba filta ikianza kuziba wataiona sindano ikishuka. Haishuki. Regulata iko mwisho wa reli, na kazi yake ni kubana mafuta yanayorudi ili presha ibaki palepale. Filta ikiziba nusu, yanayorudi yanapungua, lakini reli inabaki na bari zake tatu na geji inaonyesha kwamba mambo ni shwari. Hali itaendelea hivyo mpaka siku mafuta yanayopita filta yatakapokuwa machache kuliko injini inavyohitaji, na siku hiyo itakuwa wakati wa kupaa, ukiwa na nguvu kamili juu ya mashamba ya kahawa, na presha itaanguka yote kwa mara moja. Huo ndio wakati ambao rotari haitaki kabisa kukosa mafuta.

Geji ya onyo inatakiwa ikae kati ya pampu na filta laini. Hapo presha hupanda kadiri filta inavyoziba, kwa kuwa pampu inasukuma dhidi ya kizuizi. Tofauti kati ya geji hiyo na ya reli ndiyo afya ya filta. Asiyependa kuongeza kiunganishi kwenye upande wenye presha anaweza kuangalia ampea za pampu, ambazo nazo hupanda, au kurudia kipimo cha dumu kila ukaguzi na kuandika dakika kwenye daftari la ndege. Kwa upande wa kuvuta, geji ndogo ya vakyumu wakati wa majaribio ya ardhini inatosha.

---

Fundi wa Pasua

Nimeelewa, na ile plastiki nimeiondoa kwenye mchoro. Nina maswali mengine. Wajenzi wengi wa rotari huondoa pampu ndogo ya oili inayolainisha sili na badala yake huchanganya oili ya tu-stroki kwenye petroli, takribani mililita 8 kwa kila lita. Je, oili hiyo haizibi filta? Na je, si salama zaidi kuweka filta laini mbili sambamba na valvu katikati, ili moja ikiziba nihamie kwenye nyingine?

---

Binti wa Gereji

Kaka, oili hiyo ikishayeyuka inapita kwenye maikroni 10 bila shida. Panapoharibika ni kwenye funeli zile zenye wavu uliopakwa kitu kinachokataa maji. Viungo vya sabuni vilivyomo kwenye oili nyingi hupunguza uwezo wa wavu huo kutenganisha maji na petroli. Kwa hiyo chuja petroli kwanza, kisha pima oili na uiingize.

---

Mjenzi wa Kisongo

Kuhusu filta mbili sambamba, umeongeza viunganishi, valvu moja na uamuzi mmoja wa rubani katika dakika ambayo tayari ana mengi. Mimi nimeweka chujio la wavu kwa kila tanki, kabla ya valvu ya kuchagua tanki. Wavu wa kushoto ukiziba, nageuza kulia, na kitendo hichohicho kinanipa chujio jipya na mafuta mengine. Ila kuna mtego: ukijaza matanki yote mawili kutoka dumu moja asubuhi ileile, una uchafu uleule pande zote mbili na hifadhi yako ni ya jina tu. Napaa kwa tanki ambalo mafuta yake yalisharuka salama, na mapya nayajaribu nikiwa juu na uwanja ukiwa karibu. Mafuta yanayorudi nayo yarudi kwenye tanki yalikotoka, la sivyo utajaza tanki lingine mpaka limwagike kupitia tundu la hewa.

Filta laini ya baada ya pampu kwangu ni moja, kubwa, ya nyuzi za kioo, na imewekwa upande wa rubani wa ukuta wa moto (ukuta unaotenganisha injini na kabini) ili isipikwe na joto la injini.

---

Mzee wa Hanga

Hapo kwenye filta moja ndipo ninapotofautiana nawe, kijana wangu. Filta moja isiyo na njia ya pembeni ni mlango mmoja wenye kufuli moja. Ningechagua ile yenye valvu ya springi inayofunguka filta ikijaa. Injekta zikila uchafu kwa dakika kumi utazipeleka kwa huyu binti azisafishe, lakini juu ya msitu wa Meru ninataka mafuta yoyote, hata machafu.

---

Mjenzi wa Kisongo

Nimeipima hoja hiyo, mzee, na bado siamini valvu ya springi. Ikishikwa na chembe ikabaki wazi kidogo, hakuna kitakachonijulisha, na nitaruka miezi nikidhani nachuja. Uchafu wa kutosha kuifungua valvu hiyo pia unatosha kuziba vikapu vya injekta zote nne kwa mpigo, kwa hiyo ile dakika kumi unayoitarajia sina hakika nayo. Naona ni bora kununua eneo kubwa na geji ya kabla ya filta. Lakini anayeruka mbali na viwanja, kwa mafuta ya mapipa, ana sababu ya kuchagua kama wewe.

---

Mzee wa Hanga

Basi tumetofautiana kwa heshima. Ila filta hiyo ya ndani ya kabini iwe na sinia chini yake lenye bomba la kutoa nje, na viunganishi vyake viwe vya kukazwa kwa nyuzi za skrubu, siyo mpira na klempu.

---

Fundi wa Pasua

Kopo la RX-7 lina shingo za mpira na klempu. Je, kuna namna ya kulibadilisha?

---

Binti wa Gereji

Zipo adapta, lakini kwa ndege nisingehangaika nalo. Agiza filta yenye mwili wa alumini unaofunguka, ncha za AN-6, ambazo ni za bomba la inchi tatu ya nane, yenye kiini cha maikroni 10 cha nyuzi za kioo. Agiza viini vya akiba na oringi (pete za mpira za kuzibia) zake pamoja, kwa sababu oringi ya petroli hutaipata Moshi wala Arusha kwa ukubwa huo, na ile ya maji itavimba. Angalia mshale wa mtiririko kabla ya kukaza. Kifungue kiini cha kwanza baada ya saa chache za kuendesha injini ardhini, kabla ya kuruka, ukitandaze juu ya karatasi nyeupe na kupitisha sumaku; kinachonasa kwenye sumaku kimetoka kwenye pampu au kwenye pipa, na kisichonasa, mara nyingi, kimetoka kwenye tanki.